Mbegu Moja ya Hashimu

...na sasa amerudi palepale, mtoto wa Kiluguru ni wa ukoo wa mama, anasema mjomba Yunusi, ameshuka kutoka Mgeta kuja kuniambia hilo, mimi namenya ndizi, baba ni jina tu, Asia, anasema, ukoo ndio unaofutika, na anashusha sauti kwa sababu Hashimu yuko uani anaziba pancha ya baiskeli, mume wangu, masikini, anapiga mluzi, hajui kitu... wanaume wamejaa mpaka Kingolwira, mwanangu, nani atauliza?... Kingolwira, gerezani kwa wafungwa, nusura nicheke, na kweli nani atauliza, Hashimu mwenyewe angempa mtoto huyo jina la ukoo wake, angemnunulia viatu, na ile hospitali ya Nairobi nayo, siku hizi mipaka iko wazi, mitumba inaingia, simu zinaingia, na sisi tukaifuata mimba huko, daktari akatuchorea yai, duara kubwa, na sindano nyembamba kuliko unywele, mbegu za mzee, akasema, ni chache na zimechoka, hazifiki zenyewe, ila tunahitaji moja tu, tunaikamata, tunaidunga ndani ya yai, yaweza kushika, yaweza isishike, na Hashimu akauliza, moja tu, daktari?, kama mtu aliyesamehewa, na mizizi yote ile nimekunywa mimi, tasa nimeitwa mimi, kwenye basi akanishika mkono mbele za watu, nikaona haya, si kwa mkono, kwa sindano, watasema mtoto wa sindano, Semeni wa nyumba ya pili atacheka mpaka akae chini... Asia, unanisikia?... nakusikia, mjomba... na ukoo wangu naupenda, mama amekufa akiniangalia tumbo, njia ya mjomba ni fupi, haina Nairobi, haina daktari, ningepata mtoto, wa kwetu kabisa, na masikio angekuwa na ya nani, mbona nauliza masikio, ukoo hauna haja na masikio, lakini nayaona, ya Hashimu, yamechomoza utadhani vishikio vya sufuria, nayapenda, jamani, nayapenda, mluzi umekatika, anatafuta gundi, miaka yote nalia mtoto, mtoto, wala sikuwahi kujiuliza mtoto gani... unasemaje, mwanangu?... bado nafikiri, mjomba, namwambia, na ndizi bado nusu, naogopa sindano, naogopa isishike, naogopa Semeni, na asiyekuwa wa Hashimu simtaki.