Nakala kwa Wote

Devotha alikuwa karani wa kampuni moja binafsi ya kununua kahawa mjini Mbinga, na kwa miaka tisa hakuwahi kutoa barua bila kuorodhesha nakala chini yake. Kumwacha mtu nje ni kumdharau, ndivyo alivyofundishwa. Kompyuta ilipoletwa ofisini, tabia hiyo aliihamishia humo.

Asubuhi ile simu kutoka Dar es Salaam ilimwambia kwamba mdogo wake, Adrian, amefariki. Akawaandikia ndugu zake barua pepe: Othmar, Ida, Rosina na Nicholaus. Nakala akampelekea padre wa misheni ya kwao, kule ziwani, ili ajiandae. Mama asiambiwe kitu mpaka watoto wafike, wakae naye chini, wamshike.

Saa nne likaja jibu la katekista Xaveri.

"Tumsifu Yesu Kristu, dada. Padre yuko vigangoni. Barua tumeichapa na kuikunja bila kuisoma, kama kawaida. Imeshakwenda kwa mama yako Kunigunda."

Kama kawaida. Misheni ilikuwa na anwani moja kwa kijiji kizima, na kila kilichoingia kilichapwa kikapelekwa kwa wenyewe. Devotha alilijua hilo. Ndivyo yeye na ndugu zake walivyomsalimia mama kila mwezi.

Alipata nafasi kwenye Landrova ya Praygod iliyokuwa ikiteremka ziwani.

"Dada, breki ziko huku kwangu," Praygod alimtania kwenye kona za Tingi. "Utatoboa sakafu bure."

Hakucheka. Alikuwa amechoka hata kuomba, ila jambo moja: mama asipate wa kumsomea.

Alimkuta mkekani, karatasi imekunjwa mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Mama, hiyo barua. Nani amekusomea?"

"Hakuna. Jirani alitaka, nikamkatalia." Akaikunjua polepole. "Nimejisomea majina tu, haya ya juu. Othmar yupo. Ida. Rosina. Nicholaus. Wewe ndiye umeandika." Kidole kilishuka, kikarudi juu, kikaanza upya. "Siku zote unawaandikia wote, Devotha. Hujawahi kumwacha mtu."

Devotha akaketi kando yake, akamshika mabega kwa mikono miwili. Yalikuwa mepesi kuliko alivyoyakumbuka.

"Haya," mama akasema, akimpa karatasi. "Sasa nisomee."