Kiuno cha Mchukuzi

Shangazi alimzungushia utepe kiunoni, akachungulia namba, akacheka. "Unakula vizuri, mwanangu. Umeongeza inchi mbili!"

Mchumi wa kamati ya chakula hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye daftari la vipimo mezani, ambamo shangazi, fundi cherehani kwa miaka thelathini sasa, aliwaandika wateja kwa kazi zao. Dobi: thelathini na nne, thelathini na moja, ishirini na tisa. Mchukuzi wa sokoni: thelathini na mbili, ishirini na tisa, ishirini na sita. Yote ndani ya mwaka mmoja.

"Shangazi, hawa wanaleta nini?"

"Suruali za kupunguzwa. Siku hizi sishoni, napunguza tu."

Mchumi alilivuta daftari. Saa nne asubuhi hiyo kamati ingeamua kama ghala la akiba lifunguliwe, na ripoti yake mwenyewe ilisema hakuna njaa, maana maduka yamejaa nafaka. Miezi minane alikuwa akihesabu magunia! Akapekua kurasa harakaharaka. Karani: thelathini na sita, thelathini na sita, thelathini na saba. Mwalimu, vivyo hivyo. Waliokonda ni vibarua peke yao. Chakula kipo, wao hawana cha kukinunulia! Alitamani kupiga vigelegele.

"Niazime daftari."

"Thubutu! Siri ya kiuno cha mtu haitoki kwangu."

"Halina jina hata moja, shangazi. Wakilifunga jalada leo, basi tena mpaka mwakani."

Shangazi alimkazia macho, kisha akamtia daftari mkononi. "Lirudi bila doa la chai."

Aliingia kikaoni akihema, pini za shangazi zikiwa bado kwenye gauni alilokuwa akipimwa. "Ripoti yangu nimeikosea," alisema, wala hakuona haya; furaha ilikuwa imempanda kichwani. Alieleza huku mikono ikipaa. Mwenyekiti, mzee asiyeyumbishwa na kelele, alisoma ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikishuka polepole.

"Ghala lifunguliwe leo," alimwambia katibu.

Mchumi nusura aruke. Maswali yote ya hesabu alikuwa amekwisha kuyaandalia majibu, na sasa hata hayakuhitajika.

"Huyu mchukuzi," mwenyekiti aliongeza, kidole kikiwa bado kwenye karatasi, "alipimwa mara ya mwisho miezi mitatu iliyopita. Hajarudi tena?"

"Hajarudi."

"Yuko wapi?"

Mchumi aliitazama tena ile ishirini na sita. Hakuwa amemuuliza shangazi.