Kitabu Kilichoingia Likelemba

Godelieve ndiye aliyekata kitabu. Alikilaza mezani, akapitisha wembe mgongoni mwake, na hadithi za nchi mbalimbali zikawa mafungu mafungu kama samaki wa sokoni mjini Baraka.

Wanawake wa likelemba walikodoa macho. Kila Jumamosi walikutana uani kwake, kila mmoja na sabuni na sukari yake, na mmoja wao akaondoka na vyote kwa zamu yake. Sasa, Godelieve akasema, hadithi nazo zinaingia kwenye zamu. Kitabu ni kimoja na watu ni wengi. Kila mtu achukue fungu lake akasome nyumbani, na siku yake ikifika asimulie kwa Kiswahili. Asiyejua Kifaransa atasomewa na watoto wake.

"Na hicho kitabu kinaongea nini?" akauliza Marthe, mama wa Bienfait na msimamizi wa likelemba, ambaye hata sabuni aliinusa kabla ya kuipokea.

"Mashini za mvuke. Ni dunia ambayo petroli haijulikane na umeme haujafika. Magari, ndege, hata saa ya ukutani, vyote vinatembea na maji ya moto. Wanaita stimpanki. Kuna mutu wa Chile ameandika, wa Japani, wa Poland, kila mutu na mashini yake."

"Umeme haujafika," Marthe akasema. "Basi ni hapa kwetu."

Walicheka, lakini Marthe hakuwa mtu wa kulainishwa na kicheko. Akatoa sharti: Godelieve aanze yeye mwenyewe, Jumamosi ijayo. Hadithi yake ikiwashika watu, kitabu kitaendelea. Ikiwachosha, karatasi zitafungia karanga na habari hiyo itaisha. Godelieve akakubali papo hapo. Alikuwa amechoka kusikia bei ya mihogo kila Jumamosi. Tena alikuwa na diploma ya ualimu, na hakuona ni vipi angeshindwa.

Wiki nzima alisoma akisonga bukari, akasoma akingoja sombe iive. Hadithi ilimkamata. Ijumaa jioni akafika karatasi ya mwisho, akaigeuza, na maneno yakakatika katikati ya sentensi.

Alielewa mara moja. Mchapaji hakuwa amepoteza nafasi: hadithi moja iliishia upande mmoja wa karatasi, na upande wa pili inayofuata ikaanza. Yeye alikata akiangalia vichwa vya hadithi tu. Mwisho wa hadithi yake ulikuwa umeondoka na fungu la Solange, mwenzao wa likelemba, na Solange alikuwa safarini Misisi anauza vitenge. Akapiga simu. Sauti ya Kifaransa ikamjibu kwamba mteja hapatikani.

Angeweza kutunga mwisho wake, na nani angejua? Lakini Solange angerudi, na Godelieve hakupenda kudanganya watu aliowaita mwenyewe. Akalala.

Jumamosi akasimulia. Kulikuwa na mjane aliyeendesha mashini kubwa ya magurudumu ya chuma jangwani, akipelekea vijiji viwili maji ya kunywa. Mashini yenyewe ilikunywa maji hayohayo ili itembee. Njiani bomba likapasuka, maji mengi yakamwagika. Alipofika kijiji cha kwanza, watu wakatoka na mabeseni. Akiwajazia, mashini haitakuwa na cha kunywa kufika kijiji cha pili, na huko ndiko mama yake amelala mgonjwa. Mjane akaweka mkono kwenye robinet, koki ya tangi la maji.

"Na kisha?" Asha, mmoja wa wanawake, akasogeza kiti.

"Kisha sijui. Ukurasa wangu uko Misisi. Nilikata vibaya."

Marthe akaweka mikono kiunoni.

"Diploma yako haikukufundisha ya kama karatasi iko na pande mbili?"

"Haikunifundisha. We ungefanya nini, Mama Bienfait, na mkono kwenye robinet?"

"Usinigeuzie maneno."

"Anafungua," Asha akasema. "Batoto banasimama na beseni, utaondoka namna gani?"

"Na mama yake?" akauliza mwingine.

"Anajaza bidon, anaweka kichwani, anaenda na miguu. Kwani hajazoea?" Asha akajibu.

"Anaenda na miguu, na mashini anamwachia nani?" Marthe akadakia. "Asubuhi watu bameshafungua vyuma vyote. Safari ingine ya maji atafanya na nini? Hivyo vijiji vyote viwili vitakufa."

"Mama ya mutu anakata roho, we unawaza vyuma."

"Mi nawaza wiki inayofuata. Mutu mumoja lazima aiwaze."

Mmoja akataka maji yagawanywe nusu kwa nusu. Asha akamwambia nusu haifikishi mashini popote. Marthe akachora njia ya jangwa mavumbini kwa ncha ya kandambili yake, akaapa kwamba mjane angelipita usiku kungali na baridi. Jua liliposhuka ndipo mtu akakumbuka sabuni. Marthe akamkabidhi mwenye zamu haraka haraka, bila kunusa kitu, huku bado anabishana na Asha.

Kisha akamnyooshea Godelieve mkono.

"Nipe fungu langu."

Godelieve akampa. Marthe akageuza karatasi ya kwanza na ya mwisho, mbele na nyuma, akazifunga ndani ya kitenge.

"Kitabu kingine," akasema, "nitakata mi."