Kontena Lililokunywa Uji

Usiku wa jana niliota nimefungua mlango wa sebuleni na kukuta kontena dogo la bluu limekaa kwenye kochi, juu ya kitambaa changu cha fuma, miguu haifiki chini. Ukubwa wake kama debe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Kwenye picha. Nakijwa kanitoa kwenye picha leo."

Nakijwa ni mjukuu wangu. Anatengeneza programu za kompyuta, na kazi yenyewe anaifanyia hapo hapo sebuleni kwangu. Aliwahi kunieleza: programu ikihamia kwenye kompyuta ya wenzake inagoma, kama mtoto aliyezoea chakula cha kwao. Kwa hiyo anaifungasha ndani ya kontena pamoja na kila inachohitaji. Analitoa kwenye nakala mama anayoiita picha, analiwasha, analijaribu, akimaliza analiua. Alisema "naliua" huku anamenya ndizi.

Basi nikalifungua kuona limefungashiwa nini. Ndani mna jiko lake, kuni zake, chumvi yake kwenye kikaratasi, maji yake, hata hewa yake imekunjwa vizuri pembeni. Sikushangaa. Nakijwa ana mkono wa kufungasha. Makande aliyomfungia marehemu babu yake kwa safari hayakumwagika hata punje.

"Na kazi yako ni ipi?"

"Kupokea watu. Piga hodi uone."

"Hodi!"

"Karibu!" likaitikia, kwa furaha mpaka bati likatetemeka.

Nikapiga tena. Likaitikia vile vile, kana kwamba ndiyo naingia mara ya kwanza. Wangapi siku hizi wanakukaribisha hivyo? Nikalipenda.

Sebule inageuka jiko bila mtu kuniuliza. Nakoroga uji wa ulezi. Kontena linakunywa kwa mlango wake, linapuliza kwanza, halimwagi.

"Bibi, usinizoee. Jaribio likiisha nafutwa. Hakibaki kitu."

"Si atakutoa tena kwenye picha?"

"Atatoa jingine. Litafanana na mimi kabisa. Ila uji huu halitakuwa limeunywa."

Nikaliongezea uji.

Akaingia mtu mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Hakupiga hodi.

"Mimi Amri."

"Amri wa nani, baba?"

"Amri ya kufuta."

Nikamsogezea kigoda. Hakukaa. Akalinyooshea kontena kidole.

"Nilifute? Ndiyo au hapana?"

Kontena linashika pindo la khanga yangu. Nikisema ndiyo, nimeliua kwa mdomo wangu. Nikisema hapana, naharibu kazi ya Nakijwa, na mimi ni nani niiingilie? Nikamjibu kama ninavyomjibu kila anayeniuliza jambo nisilotaka liishe.

"Bado."

"Ndiyo au hapana?"

"Bado, baba."

"Bado ndiyo, au bado hapana?"

"Bado tu."

Akatia mkono mfukoni, akatoa maneno yake yote. Yalikuwa mawili. Akayatazama mbele na nyuma, akayarudisha. Kisha akakaa kwenye kigoda, magoti yakamfika masikioni.

"Basi nasubiri," akasema.

"Uji utakunywa?"

"Sijaambiwa."

"Haya, nakuambia."

Akanywa. Kontena likacheka, likampa chumvi yake kidogo.

Nikaamka. Kulishapambazuka, na Nakijwa yuko sebuleni, nywele hazijachanwa, anaikodolea macho kompyuta.

"Bibi, umegusa hii?"

"Naijulia wapi?"

"Jana nilitoa amri ya kufuta kontena, nikaenda kulala. Naikuta imekwama. Inauliza ndiyo au hapana, halafu kuna mtu kaijibu 'bado'. Hata haijui neno hilo!"

Nikavaa miwani. Ni kweli, limeandikwa, kwa herufi ndogo. Kijiti cheupe kinachoonyesha pa kuandika kinapepesa pembeni yake, kimetulia kama mtu aliyeshiba.

Nakijwa akapeleka kidole aandike ndiyo.

"Mama, kwani linakula nini kwako?" nikamwambia. "Liache kwanza."

"Bibi, ni kontena."

"Najua ni kontena."

Akanitazama, akacheka, akaondoa kidole.

Mchana, napita na ndoo yangu, nikamuuliza kama ameshalifuta. Hakuinua hata kichwa.

"Bado, bibi."