Vifurushi Vinne vya Shayiri

Adolphine, jirani yangu wa ghorofa ya juu hapa mtaa wa Iroquois, anasema kule mji wa Columbus kulikuwa na mama mmoja aliyemtunza mzee mwenye bwawa la samaki nyuma ya nyumba. Asubuhi moja akawakuta samaki wanatweta juu ya maji. Akawaonea huruma, akawafungulia mpira wa bomba. Kufika saa sita wote walikuwa wamelala ubavu, kwa sababu ya ile dawa inayotiwa katika maji ya mji. Mzee akakataa kula, na yule mama akaachishwa kazi siku ile ile.

Nilimcheka. Adolphine huongeza chumvi hata kwenye chai.

"Cheka tu, Kanyana," akaniambia. "Mayi ya robine, ile ya bomba, haiko rafiki ya samaki. Siku yako itafika."

Mimi ninamtunza Bi Lorraine. Bwawa lake lilichimbwa na marehemu mumewe, lina samaki saba wekundu. Kila asubuhi, akimaliza chai, ninamsukuma na kiti chake cha magurudumu hadi ukingoni, anawapa chakula huku akiwaita kwa majina. Mwezi wa sita maji yaligeuka kijani. Kijana wake Keith, anayekaa Buffalo, akatuma vifurushi vinne vya mabua ya shayiri, kila kimoja ndani ya wavu. Alisema mabua yakioza polepole yanazuia ule ukijani usiote. Basi, donc, niweke kimoja, nisubiri.

Niliweka kimoja, nikasubiri wiki tatu, maji yakabaki kijani. Lakini nimekulia kwa ng'ombe, milimani Minembwe, na kwetu mnyama hapimiwi majani. Anayepima anaitwa mchoyo. Jana, joto likiwa kali, niliongeza vile vitatu.

Leo saa moja asubuhi nimekuta samaki wote juu, midomo wazi. Maji yananuka kama zizi baada ya mvua; mabua yameoza kwa joto na kumaliza hewa ya maji. Vifurushi nimevitoa, lakini samaki hawashuki. Mpira wa bomba uko hapa miguuni, na sithubutu kuufungua. Mashine ya kuwapulizia hewa imefungiwa garajini, na namba ya kufungulia Bi Lorraine alishaisahau. Anayeijua ni Keith.

Nimepiga simu mara tatu. Kisha nimeandika: "Bwana Keith, niliweka mabua yote. Kosa ni langu. Samaki wanakufa. Naomba namba ya garaji."

Mmoja ameanza kuegemea ubavu. Ndani, Bi Lorraine amemaliza chai. Ananiita, anauliza kama wenzake wa bwawani wameamka.

Simu inaonyesha Keith amesoma.