Fundi Pindo Hafumbi Macho

Mtaani walimwita Fundi Pindo, kwa sababu nguo aliyoishona ilichakaa, ikapauka, ikaishia kuwa tambara la kudekia, na pindo bado limeshika. Sheria yake ilikuwa moja: acha akiba. Vidole viwili vya kitambaa ndani ya kila mshono, maana mwili wa mtu hauna msimamo. "Ukikata ukamaliza," aliwaambia wanafunzi wake, "kesho utashonea nini, hewa?"

Mwanamke mwenye akili hizo ndiye aliyepanda ndege kwenda kukatwa ngozi ya kope.

Kisa chenyewe utakicheka, halafu utaona aibu. Siku wakwe wa binti yake walipokuja kujitambulisha, mgeni mmoja alimwamkia, "Shikamoo, bibi," kisha akauliza mama wa binti yuko wapi. Fundi Pindo alicheka na wenzake, lakini neno lile lilimkaa rohoni. Ana miaka arobaini na tisa. Kope zilimlegea kwa kumuuguza mumewe na kumlilia. Basi akamdanganya binti yake wa pekee kwamba anafuata vitambaa, akaenda nchi ya watu kwa daktari aliyemwona kwenye simu, aliyeahidi kumrudishia macho ya usichana.

Alirudi nayo kweli, ila hayafungi. Akilala yako wazi, akipiga chafya yako wazi, na vumbi la nyuzi linaingia litakavyo. Alimpigia yule daktari mpaka namba ikawa haipatikani tena. Jicho la kulia likaanza kuona ukungu. Miezi minne alijificha nyuma ya miwani myeusi, hadi siku aliyojaribu kutunga uzi mbele ya binti yake akakosa tundu mara saba. Gauni la harusi lilikuwa mezani, limekatwa, halijashonwa.

Binti ndiye aliyempeleka kwa daktari wa macho, mama mtu mzima asiye na haraka. Daktari alishusha kope kwa kidole, ikagoma katikati.

"Mama, nikwambie ukweli?"

"Niambie, daktari."

"Ngozi ya kuvuta haipo. Amekata yote."

Fundi Pindo akasema, "Hakuacha akiba."

"Hakuacha. Nitapandikiza ngozi ya nyuma ya sikio, macho yatafunga kidogo. La kushoto tutaliokoa, ingawa nalo limeshakwaruzika. La kulia limekauka, limepata kovu. Ungewahi, mama."

"Na kushona?"

Daktari alivua miwani yake. "Utaona njia, utaona watu. Sindano, hapana."

"Mama, kwa nini hukuniambia?" binti akauliza.

"Niliona haya, mwanangu." Na kumficha mwanawe ndiko kulikomuuma kuliko kope.

Daktari alidondosha dawa, akamwonyesha binti namna ya kubonyeza nyusi zishuke na mashavu yapande, kope zikutane kwa dakika tano. Binti akanawa mikono. Fundi Pindo alipoona vidole vile vinamjia, moyo ulimpasuka. Ndivyo binti huyu alivyomfumba marehemu baba yake macho. Binti naye akasita kidogo kabla ya kumgusa, kwa hiyo hata yeye alikumbuka.

"Nakuumiza, mama?"

"Hapana."

Giza likaingia. Hakuwa ameliona kwa miezi minne, na alikuwa amelitamani kama maji. Machozi yakapenya chini ya vidole vya binti.

"Lile gauni," alisema, "nimeacha vidole vitatu kila upande. Atakayelishona mwambie asipunguze."

"Sitaki mtu mwingine alishone."

"Mwambie asipunguze. Utazaa, utanenepa, utataka kulivaa tena."

Binti alikuwa analia.

"Dakika tano tayari," daktari akasema.

Fundi Pindo aliikamata mikono ya binti yake kabla haijaondoka, akaibana pale pale usoni.

"Bado," alisema. "Nifumbe kidogo tena."