Chumba Kikavu cha Magitaa

Mume wangu ana magitaa matano na mikono miwili. Siku nilipomwuliza hesabu hiyo inakwendaje, aliniangalia kwa huruma, akaniambia kila moja lina sauti yake. Mimi nimeyasikiliza yote. Sauti ni ileile, wimbo ni uleule, na akifika katikati anakosea palepale.

Sisemi kwamba ni mtu mbaya. Ni fundi wa lifti. Kutwa yumo ndani ya mashimo ya maghorofa, grisi mpaka viwikoni, na akirudi nyumbani ananawa mara mbili kabla ya kugusa uzi, maana jasho la vidole hula chuma. Hilo nilifundishwa na yeye. Nimejua mengi ambayo sikuomba kuyajua. Ubao wa shingo hupakwa mafuta, lakini kidogo tu, na si kila mara. Gitaa haliegemezwi ukutani kama fagio. Likikaa juani gundi hulegea, likikaa penye unyevu mbao huvimba. Mimi nashona mapazia, lakini kwa elimu niliyolishwa ningeweza kufungua zahanati ya magitaa.

Nyumba yetu ni ya kupanga, ghorofa ya chini, vyumba vitatu vya kulala. Kimoja chetu. Cha pili kiko nyuma, ukuta mmoja umepakana na bafu, mwingine na tangi la maji la jirani, na humo ndimo anamolala binti yetu. Cha tatu kina dirisha kubwa na jua linaingia tangu asubuhi. Hicho ndicho tulichopanga kiwe cha mtoto. Kabla hajahamia, magitaa yaliingia kwa muda. Wakati huo mtoto alikuwa anatambaa. Sasa yuko darasa la kwanza, na huo muda bado haujaisha.

Binti mwenyewe tunamwita Kasuku kwa vile anavyopiga domo. Huanza kuongea kabla hajafumbua macho. Siku akinyamaza, roho yangu inakuwa juu, kwa sababu najua kifua kimembana.

Na mwaka huu kilimbana sana. Mimi nikawa situlii. Kazini nakata kitambaa huku jicho liko kwenye simu, nashona, mshono unakwenda upogo, nafumua, naanza tena. Nyumbani naingia chumbani kwake, natoka, naingia tena. Nikikaa, mguu unacheza wenyewe. Mara ya mwisho tulipompeleka hospitali, daktari, mama mmoja asiyepoteza maneno, alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, kisha akaniuliza anapolala pakoje. Nikamwambia ukuta unatoa maji.

"Dawa nitampa," alisema. "Ila akirudi tena na hali hii, tutamlaza. Kila akibanwa hivi, mapafu yanaumia. Mtoeni kwenye huo unyevu, mama."

Nilimwambia mume wangu siku hiyohiyo. Nilimkuta amepiga magoti sakafuni, gitaa limelazwa kwenye taulo, anabadilisha nyuzi.

"Nitaongea na mwenye nyumba," alisema bila kuinua kichwa. "Halafu tutapaka ile rangi ya kuzuia maji."

Akapaka kweli. Nilimshukuru, nikampikia vizuri. Haikuchukua muda rangi ikavimba malengelenge, ikaanza kubanduka vipande vipande juu ya kitanda cha mtoto.

Kipindi hichohicho ikaja mashine.

Hapo lazima niwaeleze wenzake. Wako watatu pamoja na yeye, na hukutana kwetu kila Jumamosi. Kuna daktari wa meno, ambaye wao humwita Meno. Ana gitaa lililochongwa kwa mkono, la gharama, ambalo hajawahi kulipiga mbele ya watu kwa kuogopa kulikwaruza. Na kuna mwalimu wa hesabu wanayemwita Pedali, kwa sababu hawezi kukiona kisanduku cha kukanyaga kwa mguu cha kubadilisha sauti akakiacha dukani. Wakikutana, kupiga muziki ni robo ya kazi. Robo tatu ni ubishi. Nyuzi zifutwe kabla ya kupiga au baada? Gitaa litundikwe ukutani au lilale kwenye kasha lake?

Kuna Jumamosi Meno alikuja na waya wa kuunganisha gitaa na spika, ameununua kwa bei ya kitanda. Wakamfumba Pedali macho, wakampigia mara mbili, aseme ni lini umetumika waya mpya. Pedali akasikiliza kwa makini, akatangaza kwamba mara ya pili sauti ilikuwa na joto zaidi. Wote wakakubaliana, tena mume wangu akaongeza kwamba hata yeye alilisikia hilo joto. Mpaka walipokuja kugundua kwamba Meno alisahau kubadilisha, na muda wote huo waya wa bei ya kitanda ulikuwa mfukoni mwake. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Basi, mashine. Ni ya kukausha hewa, inanguruma taratibu kwenye kona, na imekuja na kipima unyevu kidogo kinachotoshea kiganjani. Bei sikuambiwa, na mimi nikifichwa bei najua ni kubwa. Tangu hapo mume wangu akiamka huenda kwanza kwenye chumba cha magitaa. "Arobaini na nane!" anatangaza, uso umemkunjuka, kisha anawapigia picha wenzake, nao wanampongeza. Gitaa linataka unyevu wa asilimia arobaini na tano hadi hamsini na tano, nimeshalijua hilo kama jina langu. Lakini ukimwuliza mtoto ameamkaje, anakuja kuniuliza mimi.

Na mimi sikushtuka mapema. Nilikuwa nashughulikia dawa, chakula, mashuka, nachemsha maji, nafungua dirisha, nafunga dirisha. Chumba cha magitaa kilikuwa kimeshatoka kwenye hesabu zangu.

Jumamosi moja mume wangu alikuwa ametoka kuwafuata wenzake. Kasuku aliamka na kikohozi, akazunguka nyumba nzima amenuna, kisha akapotea. Nilimtafuta nyuma, nikamtafuta bafuni. Nikamkuta kwenye chumba asichoruhusiwa kuingia, amelala juu ya zulia katikati ya makasha mawili. Nikainama nimbebe kabla baba yake hajarudi. Sikio langu lilipofika karibu na mgongo wake, nikasimama hivyohivyo nimeinama. Ile filimbi inayolia kifuani mwake akibanwa haikuwapo. Alikuwa anavuta pumzi na kuitoa kama mtoto yeyote.

Nilikaa chini. Nilifurahi, na furaha ile haikumaliza hata dakika kabla haijageuka hasira. Nilikichukua kile kipima, nikakipeleka chumba cha nyuma, nikakiweka kwenye mto wa mwanangu, nikafunga mlango. Nikaenda kupiga pasi mapazia ya mteja, nikaunguza pindo. Niliporudi, kilikuwa kinaonyesha themanini na moja.

Nikamsikia Kasuku ameamka. "Mama! Mama, nimeota nina mkia, halafu ule mkia ukawa unaongea, mama, unajua ulisemaje?" Akaendelea vile mpaka jikoni, na mkate mdomoni, bila kukohoa.

Wanaume waliingia, wakasalimia, wakakaa kwenye chumba chao. Niliwapelekea chai. Niliposikia mume wangu anauliza nani ameondoa kipima, nikakifuata chumba cha nyuma, nikaja nacho, nikakiweka juu ya spika mbele yao.

"Themanini na moja?" Pedali alishika kichwa. "Kimekufa hiki."

"Hakijafa, shemeji," nikasema. "Nilikiweka mahali. Ndivyo kulivyo huko."

"Na kuna gitaa huko?" aliuliza Meno.

Hawakuhitaji kujibiwa, walishaanza.

"Mbao inavimba, tumbo linatuna," alisema Meno, akionyesha kwa vidole kwenye gitaa lake. "Gundi inaachia. Halafu ukungu unaingia ndani kabisa, mahali usipofikia hata kwa kitambaa. Ukija kuuona nje, ndani kumeshaharibika siku nyingi."

"Mimi nina nafasi kabatini," alisema Pedali. "Shemeji, mwambie mwenyewe anipigie. Nalifuata leo hii, hata sasa hivi. Lisilale huko tena."

Mume wangu alikuwa amekishika kile kipima, anakigeuzageuza. Nilimwona amekasirika kweli, si kwa kujionyesha. Nampenda akiwa hivyo, na hilo ndilo lililoniuma.

"Ni nani huyo?" aliniuliza. "Wa kazini kwenu? Hebu niambie, anajua? Maana kama hajui, tumwelimishe. Lakini kama mtu anajua kabisa unyevu unafanya nini, na nafasi kavu anayo, halafu bado analiacha humo, huyo hana roho. Hakustahili kupewa."

"Ni chumba cha Kasuku," nikasema.

Meno aliinamisha macho kwenye chai yake. Mume wangu aliweka kipima chini polepole, akainuka, akaenda chumba cha nyuma. Tulimsikia anasogeza kitanda. Aliporudi, kiganja chake kilikuwa kimelowa na kimegandwa na vipande vya rangi.

Alichukua gitaa la kwanza kwa shingo, akalipeleka sebuleni, akalilaza juu ya kochi bila kasha. Akarudi kuchukua la pili. La tatu aliliegemeza ukutani. Pedali akaanza kusema angalau alifunike, Meno akamkanyaga mguu, kisha wote wawili wakavua viatu wakamsaidia kubeba kitanda cha mtoto. Kasuku alitangulia mbele akitoa amri kiwekwe wapi.

Wenzake walipoaga, mume wangu alikaa ukingoni mwa godoro dogo, magoti yamefika kidevuni, mashine inanguruma pembeni yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Kwa nini hukuniambia, mama Kasuku?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unabadilisha nyuzi."

Alifunika uso kwa ule mkono wenye rangi, mabega yakaanza kumcheza. Najua mke mwema angekaa karibu naye, akamshika. Lakini mtoto alikuwa ameanza tena habari ya mkia wake, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nasikiliza pumzi kati ya neno na neno.